Bastola ya Afisa na Umbali wa Msimulizi: Silaha Moja ya Kijerumani katika Fasihi ya Vita vya 1914–1918, kwa Kuzingatia Homa Bay

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi inayohusu ukoloni katika Afrika Mashariki umezoea kuziweka silaha zote za mkoloni katika fungu moja. Bunduki, mzinga na bastola huchukuliwa kuwa ishara ya jambo lile lile, yaani nguvu ya mgeni dhidi ya mwenyeji. Uainishaji huu una manufaa yake, lakini huficha tofauti ambayo ni ya msingi kwa mhakiki wa usimulizi: kila silaha ina umbali wake, na kila umbali una shahidi wake. Makala haya yanaitenga silaha moja, bastola ya kijeshi ya Kijerumani iliyojulikana kwa majina ya Luger na Parabellum, na kuchunguza kwa nini haikupata nafasi ya ishara kuu katika matini mashuhuri zinazosimulia vita vya Wajerumani katika eneo hili, ilhali bunduki na mzinga vimeipata.

Hoja inayotetewa ni kwamba bastola ni silaha ya amri kabla ya kuwa silaha ya vita. Aliyeikabili kila siku hakuwa adui wa afisa bali mtu wa afisa mwenyewe, yaani askari, mtumishi na mpagazi. Kwa kuwa masimulizi ya vita hivi yalitungwa ama kutoka upande wa afisa ama kutoka upande wa aliyeshambuliwa kwa mbali, mtu huyo wa katikati alikosa sauti, na silaha aliyoifahamu kuliko wote ikakosa mahali. Ufuo wa kusini wa ghuba ya ziwa, eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, unafaa kuwa kipimo cha hoja hii, kwa sababu Wajerumani walifika huko kwa siku chache tu ilhali vita viliwachukua watu wa huko kwa miaka.

Kitu chenyewe

Bastola inayozungumziwa ilibuniwa na Georg Luger na kutengenezwa na kampuni ya DWM ya Berlin. Uswisi ndiyo iliyoikubali kwanza kwa jeshi lake, mwaka 1900. Jeshi la wanamaji la Ujerumani liliipokea mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Risasi 8 hukaa ndani ya mpini. Kila kifyatulio kinapovutwa risasi moja hutoka, na nguvu ya mshindo hukikunja kiungo kilichoko juu ya bastola mithili ya goti, ganda likatoka na risasi nyingine ikaingia. Mwenye kuishika hahitaji mkono wa pili. Jambo hili dogo la kiufundi lina maana kubwa ya kifasihi, kwa kuwa mkono wa pili wa afisa unabaki huru kunyoosha kidole, kushika ramani au kiboko.

Jina la Parabellum lenyewe limetoka katika fasihi. Ni maneno mawili ya mwisho ya msemo wa Kilatini unaomtaka atakaye amani ajiandae kwa vita. Kiwanda kililitumia kama anwani yake ya simu za maandishi, kisha likawa jina la bidhaa. Hii ni silaha iliyobatizwa kwa methali. Katika lugha ya waliotawaliwa hali ni tofauti. Bunduki ya kizamani ya kushindilia baruti iliitwa gobori, na bunduki ya rasharasha ilipewa na askari jina la bombom, jina lililoundwa na sikio la mtu aliyeisikia ikilia. Bastola haikupewa jina la namna hiyo. Kiswahili kilitosheka na neno la mkopo, bastola, linalojumuisha kila aina. Lugha huipa jina lake yenyewe silaha ambayo umma umeisikia na kuiona. Bastola haikuwa silaha ya umma.

Tofauti hii inaimarishwa na hali halisi ya jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado zina bunduki za muundo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito. Mfyatuaji alijulikana alipo kwa wingu lililomfunika. Silaha ya askari, basi, ilikuwa tangazo: ilionekana na kusikika toka mamia ya mita. Silaha ya afisa ilikaa katika ala ya ngozi kiunoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kujulikana kwamba ipo.

Kusini mwa ghuba, Septemba 1914

Mwaka 1914 eneo la Homa Bay na Migori lilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kusini, makao yake makuu yakiwa Kisii. Mpaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani ulikuwa jirani. Mwezi Septemba kikosi cha Kijerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka na kuingia Kisii, mji ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wameuacha. Wanajeshi wa King's African Rifles walisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka Kendu na kupanda milimani kwa miguu. Tarehe 12 Septemba majeshi mawili yalipigana nje ya mji, yote yakapata hasara, na Wajerumani wakarudi kusini. Wakazi wa Kisii walipopora mali ya serikali na ya wamisionari katika siku zile za kukosekana utawala, Waingereza waliporejea waliwaadhibu kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe.

Kwa mhakiki, tukio hili lina sifa ya pekee. Mwenyeji wa kusini mwa ghuba alishuhudia dola mbili za Kizungu zikifukuzana mbele ya macho yake katika muda wa siku chache. Alichoweza kukisimulia ni kile kilichoonekana kutoka mbali: meli ikitia nanga, msafara ukipita, moshi mlimani, mji usio na mwenyewe. Baada ya hapo vita vilimfikia kwa sura nyingine, nayo ni ya uandikishaji wa wapagazi. Mkoa wa Nyanza ulitoa watu wengi mno kwa kikosi cha wachukuzi kilichoacha jina lake katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huo, ndiye aliyekabidhiwa mwaka 1917 usimamizi wa nguvukazi ya jeshi. Hata hesabu rasmi ya Waingereza ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao wakifa kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi.

Simulizi za eneo hili kuhusu mamlaka ya wageni zinaonyesha ni kitu gani kilichowashughulisha watunzi wake. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza ujumbe wa Mumbo, joka la ziwani, uliotabiri kuondoka kwa Wazungu, na imani hiyo ikaenea hadi Kavirondo ya Kusini na Kisii. Katika simulizi hiyo ushindi hauletwi na silaha bali na ziwa. Vilevile masimulizi ya Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye jina lake lilipewa klabu ya mpira mwaka 1968, humweleza kama mtu aliyejigeuza umbo mbele ya macho ya mtazamaji. Inafaa kuuzingatia umbali uliomo katika masimulizi hayo. Luanda Magere, shujaa mwingine wa Wajaluo, huuawa kwa mkuki unaopiga kivuli chake katika uwanja wa vita. Gor, kwa upande mwingine, hutenda miujiza yake uso kwa uso, katika umbali wa mtu na anayemhoji, ambao ndio umbali wa bastola. Fasihi simulizi ya kusini mwa ghuba haikuhitaji kuitaja silaha ya kiunoni ili kuijibu. Ilimbadilisha aliyesimama mbele yake.

Silaha za mbali katika matini za Kiswahili

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy unahusu vita vya pwani vya miaka ya 1888 na 1889. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini unahusu vita vya 1905 hadi 1907. Tungo hizi mbili zimetungwa na watu waliokuwa karibu na matukio, nazo zinafuata kaida ya utenzi wa vita: majeshi huonana, majina ya mashujaa hutajwa, pande mbili hupimana nguvu. Kaida hiyo ina jicho lake. Inahitaji uwanja, na uwanja unahitaji silaha zinazovuka uwanja. Manowari na mzinga huingia katika bahari ya utenzi bila shida kwa sababu vina ukubwa unaolingana na ukubwa wa tukio. Bastola haina uwanja. Mahali pake ni hemani, barazani, njiani kando ya msafara uliochoka. Utenzi wa vita hauna beti za mahali hapo.

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, inaibadilisha kaida hiyo bila kuiacha kabisa. Mgogoro wake mkuu ni kati ya maji na risasi, na risasi inayozungumziwa ni ya bunduki, silaha ya jeshi zima. Hata hivyo, mwishoni Hussein anampeleka mhusika wake mbele ya mamlaka ya Kijerumani, akitakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa. Katika onyesho hilo hakuna tena uwanja wa vita. Pana mtu, mtu mwenye amri, na neno linalodaiwa. Kwa maana hiyo tamthilia inaingia katika umbali ule ambao utenzi uliuacha, na inagundua kwamba kinachotakiwa hapo si uhai wa mtu peke yake bali usemi wake. Huu ndio utendaji kamili wa silaha ya amri: hudai maneno.

Waliorudi na walichorudi nacho

Matini mbili zinazohusu jamii za ghuba zinaonyesha jinsi vita vinavyokumbukwa nyumbani. Katika The River and the Source (1994) ya Margaret Ogola, Obura, mwana wa Akoko, anavutwa na dunia ya Wazungu na kufia Tanganyika katika vita vya kwanza. Vita vyenyewe havisimuliwi kwa mapana. Kinachosimuliwa ni habari inapomfikia mama. Ogola anaiweka kamera ya riwaya nyumbani, na hivyo silaha iliyomuua Obura, iwe ya aina gani, haina kazi katika ploti. Uamuzi huu si udhaifu. Ni msimamo kuhusu nani mwenye haki ya kuwa kiini cha simulizi.

Dreams from My Father (1995) ya Barack Obama inatupeleka Kendu Bay, nyumbani kwa Hussein Onyango, babu wa mwandishi. Sehemu inayomhusu Onyango husimuliwa na bibi wa ukoo kwa Kijaluo, na mjukuu wa kike akitafsiri. Katika vita vya kwanza Onyango anafanya kazi katika vikundi vya ujenzi wa barabara na kufika Tanganyika. Katika vita vya pili anakwenda ng'ambo akiwa mpishi wa afisa wa Kiingereza, na anaporudi analeta gramafoni na picha ya mwanamke anayedai kwamba alimwoa Burma. Mpishi wa afisa ni mtu aliyeishi katika umbali wa bastola kwa miaka. Alimwona afisa akivaa na kuvua mkanda. Lakini vitu vinavyovuka kizingiti cha nyumba na kizingiti cha simulizi ni kile kinachoimba na ile inayoonyesha sura. Nyara ya kivita ni tamaa ya mshindi. Mtumishi wa vita huleta nyumbani kitu cha kumfanya asimuliwe upya, kama mtu aliyesafiri na kupendwa, wala si kama mtu aliyeamriwa.

Ukilinganisha na kumbukumbu za maofisa, tofauti inakuwa wazi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyesalimisha jeshi lake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa ameshachapisha kumbukumbu zake kufikia mwaka 1920. Msimulizi wa namna hiyo huona vita kutoka nyuma ya silaha. Kwake silaha ya kiunoni ni sehemu ya vazi, na mpagazi ni sehemu ya hesabu ya mizigo. Pande zote mbili, kwa hiyo, hunyamaza kuhusu bastola, lakini kwa sababu mbili zinazopingana. Mmoja hanyamazi kwa hofu bali kwa mazoea. Mwingine hunyamaza kwa kuwa kuitaja ni kujitaja mwenyewe akiwa amesimama mbele yake.

Umbali unaingiwa: Gurnah

Riwaya ya Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah ni miongoni mwa matini chache zinazothubutu kukaa ndani ya umbali huo. Hamza anajiunga na askari wa Kijerumani kwa hiari na kufanywa mtumishi wa Oberleutnant. Afisa huyo anamfundisha Kijerumani, anamchezea akili yake kwa upole na ukatili uliochanganyika, na hatimaye kitabu cha Schiller kinabaki mikononi mwa Hamza. Jeraha linalomlemaza maisha yake yote linatoka kwa Feldwebel, Mjerumani mwenziwe afisa, tena kwa upanga.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, anayemjeruhi Hamza si adui wa Kiingereza. Ni mkubwa wa upande wake mwenyewe. Gurnah anathibitisha kwa njia ya ubunifu kwamba silaha za mkono katika vita hivi zilielekezwa ndani. Pili, kwa kuchagua upanga badala ya risasi, mwandishi anaufupisha umbali hadi mwisho wake, na kuweka kando yake kitabu. Kitabu na jeraha vyote ni zawadi za ukaribu ule ule. Msomaji anayekumbuka kwamba bastola ya Kijerumani ilipewa jina la Kilatini ataona kwamba ustaarabu na silaha havikuwa vitu viwili katika mzigo wa afisa. Riwaya hii imekuja zaidi ya miaka 100 baada ya vita kuanza. Ilihitajika miaka hiyo yote kwa mtumishi wa afisa kupata nafsi kamili katika riwaya.

Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba bastola haikushika nafasi katika fasihi kwa sababu rahisi tu kwamba zilikuwa chache. Dai hili halina uzito. Mizinga na manowari zilikuwa chache zaidi, lakini zimejaa katika kumbukumbu. Uchache wa kitu haukifanyi kisisimuliwe. Aghalabu hufanya kinyume chake. Inaweza kudaiwa pia kwamba aina ya silaha ni suala la wanahistoria na wakusanyaji wa vitu vya kale, wala haimhusu mhakiki. Jibu ni kwamba mhakiki hahitaji kuijua silaha kwa ajili ya silaha. Anahitaji kujua mshindo wake unafika wapi, nani huibeba na nani huiangalia, kwa kuwa mambo hayo ndiyo yanayoamua nafsi ya msimulizi. Kuandika kwamba mhusika alitishwa kwa silaha bila kuuliza alikuwa umbali gani ni sawa na kuhakiki mazungumzo bila kuuliza nani anasema.

Hitimisho

Bastola ya Luger ni kitu kinachojihifadhia kumbukumbu. Nambari yake imepigwa chapa katika sehemu zake nyingi, na zile za jeshi hubeba pia mwaka wa kutengenezwa. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huweza kuifuatilia bastola moja kwa chapa hizo. Wapagazi nao walipewa nambari, zikaandikwa katika vipande vya chuma walivyovaa shingoni, lakini mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Sanamu ya vita ya Nairobi inamwonyesha mpagazi pamoja na wenye bunduki, na maandishi yake yanaahidi kwamba majina ya waliokufa yatakumbukwa na wana wao. Hapana jina hata moja lililoandikwa.

Hapo ndipo penye hatari kwa mhakiki na kwa mwalimu. Kitu kilichohifadhiwa vizuri huvutia simulizi kuelekea kwake, na simulizi ikishavutwa humwacha nje mtu asiyehifadhiwa. Matini zilizojadiliwa hapa, kuanzia masimulizi ya Kanyamwa hadi gramafoni ya Kendu Bay, hazikukubali kuvutwa. Ukimya wao kuhusu silaha ya afisa usijazwe haraka na maelezo ya makumbusho. Usomwe kama alama ya mahali aliposimama mtu ambaye bado hajasimuliwa, nao wanaotafiti fasihi ya kusini mwa ghuba wana kazi ya kumtafuta hapo, hatua chache tu mbele ya mkanda wa afisa.